Tetemeko likija usiku, ufunguo wa geti lenu uko na nani?

Ilikuwa saa nane na kitu usiku. Mlio ulikuwa mmoja tu, mzito, wa kuingia kifuani. Mabati yakalia, sufuria ikaanguka kutoka kwa rafu, na mbwa wote wa Bondeni wakaanza kubweka kwa pamoja. Sijui nani alipiga kelele kwanza, lakini neno lilikuwa moja: "Tetemeko!"

Ploti yetu ina milango 14. Kabla hujahesabu tano, yote 14 ilikuwa wazi na watu wamejaa kwenye kile kijia cha simiti cha katikati, wengine na leso, wengine na boksa pekee, mtoto wa nambari 8 amebebwa kama gunia la viazi. Wote tukakimbilia mahali pamoja, kwa sababu mahali pa kukimbilia ni pamoja tu. Getini. Na geti lilikuwa na kufuli ukubwa wa ngumi ya bondia. Keateka alikuwa ameenda matanga Molo tangu Ijumaa, na ufunguo alikuwa nao mfukoni, hukohuko Molo.

Tulisimama pale karibu dakika 40. Wengine walipiga simu isiyoshikwa. Jamaa wa nambari 11 alijaribu kuruka ukuta akakumbuka vile vigae vya chupa vilivyopandwa juu. Mzee wa nambari 3, ambaye mguu wake mmoja haufanyi kazi vizuri, hata hakujisumbua kutoka. Aliketi mlangoni akasema, "Nyinyi tangulieni, mimi nitawapata."

Baadaye tukajua ni transfoma ya stima iliyolipuka mtaa wa pili. Watu wakacheka, wakaigiza vile fulani alilia, wakarudi kulala. Mimi nilirudi lakini usingizi haukuja. Nilikuwa najiuliza swali dogo tu: kama ingekuwa kweli je?

Nakuru swali hilo si la mtu mwoga. Kuna watu wangu wanadhani tetemeko ni kitu cha Japani na filamu, kwamba sisi tuliandikiwa ukame na mafuriko tu. Hebu tuanzie nyumbani. Januari 6, 1928, usiku, mwendo wa saa nne na nusu, ardhi ilipasuka Subukia. Subukia hii yetu, ya kwenda na matatu na kurudi siku hiyohiyo. Wanasayansi wanakadiria ukubwa wake ulikuwa 6.9, na ndilo tetemeko kubwa zaidi linalojulikana kurekodiwa Kenya. Ufa wake ulifuata ukingo wa Laikipia na Marmanet kwa kilomita kama 38. Kuna mahali upande mmoja wa ardhi ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko mwenzake. Simama mbele ya mlango wa keja yako, angalia kutoka kizingiti hadi juu. Ni kama hivyo, kwa usiku mmoja.

Sasa mbona hakuna shosho anayelisimulia kama msiba? Kwa sababu 1928 watu wa upande ule walikuwa wachache na wengi walilala kwenye nyumba za miti, udongo na nyasi. Paa la nyasi likikuangukia unajipangusa unatoka. Leo Kaunti ya Nakuru ina watu zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ya sensa ya 2019, mji wetu umekuwa jiji rasmi tangu Desemba 2021, na tunalala chini ya mawe, saruji na tangi za maji. Ardhi ni ileile. Kilichobadilika ni kilicho juu ya vichwa vyetu.

Ukitaka kuona tetemeko dogo linavyofanya kwa nyumba zinazofanana na zetu, angalia Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Jumamosi, Septemba 10, 2016, alasiri, tetemeko la 5.9. Watu wasiopungua 16 walikufa, mamia ya nyumba zikaanguka, madarasa yakapasuka. Na hiyo ilikuwa mchana, watu wako macho, wengi wako nje. Halafu ujue hizi namba hazihesabiwi kama alama za mtihani. Kutoka 5.9 hadi 6.9 si "moja zaidi". Nguvu inayotolewa inazidi kama mara 32. Chukua Bukoba, zidisha mara 32, na hapo ndipo Subukia ilipo. Morocco, Septemba 2023, ilikuwa 6.8, usiku pia. Karibu watu 3,000 walikufa, wengi kwenye vijiji vya mlimani ambako nyumba ni za matofali ya udongo na mawe.

Wale waliokuwa Nairobi Julai 2007 wanakumbuka pia. Mitetemo ilitoka upande wa Ziwa Natron, Tanzania, karibu na mlima Oldoinyo Lengai, na watu wakatoka kwenye maofisi wakibebana kwenye ngazi. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni watu wazima wakicheka kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, kama sisi pale getini.

Kabla mtu hajaniita nabii wa maangamizi, niseme hili. Hakuna mtu duniani, awe profesa au mtumaji wa zile jumbe za WhatsApp zilizosambazwa mara nyingi, anayeweza kukuambia siku ya tetemeko. Akikupa tarehe na saa, anakudanganya. Pia ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwaka 2018 haukumaanisha Afrika inagawanyika wiki hiyo. Bonde la Ufa linapanuka, ndiyo, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua. Ile mipasuko tunayoiona upande wa Kaptembwa na Rhonda mvua ikizidi mara nyingi ni maji yanayobeba majivu ya zamani ya volkano kutoka chini, udongo wa juu unabaki bila cha kushikilia na unazama. Hilo ni shida yake. Ila linakuambia kitu kuhusu mahali tulipojenga: juu ya majivu laini, pembeni mwa volkano ya Menengai, ndani ya bonde lililotengenezwa na mipasuko. Na udongo laini ukitikiswa hutikisika zaidi ya mwamba. Weka uji kwenye sahani na jiwe kando yake, gonga meza, uone.

Wataalamu wa haya mambo wana msemo wao kwamba tetemeko haliui, majengo ndiyo huua. Mimi nimeona upande wa majengo kwa macho.

Nilikuwa nasomea diploma ya ujenzi. Mwaka wa pili karo ikakata, nikatoka, na sijifichi kwa hilo. Nilichopata ni kibarua cha mjengo, na mjengo ni chuo chenye maswali magumu kuliko kile cha kwanza. Darasani nilifundishwa kwamba zile ringi zinazozungushwa kwenye vyuma vya nguzo zikae karibukaribu, hasa pale nguzo inapokutana na biimu, kwa sababu ndizo zinazozuia nguzo isipasuke kama muwa ikisukumwa kando. Saiti niliona ringi zimekaa mbali kiasi cha kupitisha kichwa. Nilifundishwa maji kwenye zege yapimwe. Saiti tuliongeza maji ili koleo iwe nyepesi, na mimi nilikuwa mmoja wa walioongeza, mgongo ulikuwa unauma. Nikiwaza nani anaishi kwenye ile ghorofa leo, sina la kujitetea.

Kuna kitu kingine, ukishakionyeshwa huwezi tena kutembea mjini bila kukiona. Angalia flati nyingi mpya. Chini ni maduka au maegesho, mbele kuko wazi kabisa, nguzo tu. Juu yake orofa nne, tano, zilizojaa kuta nzito za mawe. Ni kama mtu mnene amesimama kwa miguu ya kuku. Tetemeko husukuma kando, halibonyezi chini, na orofa ya kwanza kukunjika ni ile isiyo na kuta. Uturuki, Februari 2023, majengo mengi ya namna hiyo yalishuka moja kwa moja, sakafu juu ya sakafu kama chapati zilizopangwa, kwenye tetemeko la 7.8 lililoua zaidi ya watu 50,000 nchini humo.

Usidhani hatukuambiwa. Serikali ya Kenya ilikuwa na mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973. Mimi sikuwahi kuuona saiti hata siku moja, na sijakutana na fundi aliyeutaja. Na jengo mbovu halingoji tetemeko. Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, ghorofa ilianguka kwa mvua tu na kuua watu wapatao 50.

Lakini wewe unayesoma hii hujengi ghorofa. Wewe ni kama mimi, unalipa kodi tarehe 5 ukiwa na bahati, na nyumba si yako. Hapo ndipo mashauri mengi ya mtandaoni yanatuacha. Nilikaa siku mbili nikisoma maagizo ya Wamarekani na Wajapani jinsi ya kuandaa nyumba. Funga kabati ukutani kwa skurubu. Kabati gani? Na nikitoboa ukuta, mwenye ploti anakata diposti. Zima gesi kwenye valvu kuu ya nje. Gesi yangu ni mtungi wa kilo 6 ulio hatua moja kutoka kwa mto ninaolalia. Weka mahali pa kukutania familia kwenye bustani ya nyuma. Bustani ya nyuma ni choo cha ploti.

Kwa hivyo nilianza upya, na keja ya futi 10 kwa 10 mbele ya macho.

Kwanza nililala kitandani nikaangalia juu na pembeni. Jaribu hili leo. Hesabu kila kitu kinachoweza kukuangukia kichwani ukiwa umelala. Mimi nilipata sanduku la chuma la nyanya juu ya rafu, spika mbili, na televisheni iliyokalia stuli yenye mguu mmoja mfupi uliotegwa na kadibodi. Sanduku sasa liko chini ya kitanda, spika ziko sakafuni, na kitanda nimekisogeza kutoka chini ya dirisha. Haikunigharimu hata shilingi. Ilichukua robo saa, na nikapata pea ya soksi niliyoitafuta tangu Krismasi.

Mtungi wa gesi ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Moto baada ya tetemeko huweza kuua kuliko tetemeko lenyewe, na sisi tunapika, tunalala na tunapiga pasi kwenye chumba kimoja. Nimeufunga kwenye mguu wa meza kwa kipande cha mpira wa tyubu, kile kile cha kufungia mizigo kwa boda, na naufunga regyuleta kila usiku kabla ya kulala. Kama umeishi bila kuifunga miaka yote hii, hauko peke yako. Nilipouliza kwenye ploti ni watu wawili tu waliosema huwa wanafunga. Na ukitoka kwenye mtikisiko unanusa gesi, usiguse swichi, usiwashe kiberiti eti uone vizuri. Funga mtungi, fungua mlango, toka.

Viatu. Hili nililichukulia mchezo mpaka usiku ule wa transfoma, dada wa nambari 6 alipokanyaga glasi iliyoanguka akabaki akichechemea wiki nzima. Weka viatu vya kufunga mguu kando ya kitanda, si mlangoni, na tochi ndani ya kiatu kimoja. Tochi ya simu ni sawa mpaka simu ipotee kwenye blanketi.

Maji tunayo tayari, na kwa hili mgao umetusaidia bila kujua. Kila mtu hapa ana mtungi wa lita 20 na mwingine. Tofauti ni kuuacha mmoja umejaa kila wakati na kuubadilisha maji, badala ya kusubiri mifereji ikauke ndipo tukimbizane na mkokoteni. Ongeza unga, pesa kidogo za karatasi kwa sababu M-Pesa inahitaji mtandao, dawa za anayezinywa kila siku, na kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki. Si lazima uite "mkoba wa dharura". Sisi tunaita begi la safari na tunaliacha tayari. Simu nayo, ukipata shida baada ya tetemeko, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Laini hujaa, ujumbe hupenya pole pole. 999 au 112 kwa dharura, 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Waandikie watoto ukutani kwa makapeni kama hutaki kutoboa.

Sasa, kikitikisika, ukimbie au ukae? Hapa watu hubishana, na jibu linategemea unalala wapi. Kwa walio kwenye flati, orofa ya kwanza kwenda juu, usishuke ngazi wakati jengo linatikisika. Ngazi na milango ndiyo mahali watu huanguka na kukanyagana. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, funika shingo na kichwa, shikilia mguu wa meza usije ukakukimbia. Kama hakuna meza, kaa chini kando ya ukuta wa ndani mbali na dirisha, mikono kichwani. Ukiwa kitandani usiku, geuka kifudifudi, mto juu ya kichwa. Kusimama chini ya fremu ya mlango ni ushauri wa zamani, mlango wa nyumba za leo hauna nguvu kuliko ukuta wake.

Kwa sisi wa ploti za chini, za paa la mabati, mambo yanabadilika kidogo. Bati ni jepesi. Hatari ni ukuta, hasa ule wa mawe yaliyopangwa bila lenta ya kuyafunga juu. Kama mlango uko hatua mbili tatu na nje ni wazi kweli, kutoka haraka kuna maana. Kama nje ni kijia cha mita moja kati ya kuta mbili, na juu ya ukuta kuna tangi, umetoka motoni ukaingia jikoni. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji. Letu limekalia stendi iliyochomelewa miaka mingi, mguu mmoja umeliwa na kutu, na liko juu ya njia ya kuelekea getini hasa. Nenda uangalie lenu.

Na tumerudi getini, kwa sababu hayo mengine yote nimeyafanya mwenyewe kwa siku moja, lakini geti si langu.

Nilienda kwa mwenye ploti Jumapili alasiri, wakati ambapo mtu ameshiba. Nilimwamkia, nikauliza hali ya watoto, nikangoja chai iishe. Kisha nikamwambia, "Mzee, tunaomba ufunguo wa pili wa geti."

"Wa nini? Keateka si yuko?"

"Usiku ule hakuwako, Mzee."

"Ilikuwa tetemeko?"

"Hapana."

"Basi?"

Nilibaki mdomo wazi. Halafu akaniambia neno la kweli, na ninaliandika hapa kwa sababu vijana tunapenda kuwageuza wenye ploti kuwa mashetani: "Kijana, nikitoa funguo 14, kesho nitaamka televisheni 14 hazipo. Nyinyi wenyewe ndio mtakuja kunilaumu." Wizi si hadithi mtaani. Hilo geti na zile grili za madirisha zimewekwa kwa sababu. Kila chuma kilichoko kwenye ploti yetu kiliwekwa baada ya mtu kuibiwa, unaweza hata kutaja nani na lini.

Lakini fikiria tulichojenga. Tumejifungia mwizi nje kwa namna ambayo sisi wenyewe hatuwezi kutoka. Dirisha lina grili isiyofunguka, mlango mmoja, kijia kimoja, geti moja, kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Si tetemeko peke yake linalotungoja hapo. Moto wa gesi unatosha. Hata ugonjwa wa usiku, mama mjamzito anayetakiwa hospitali saa tisa.

Hakuna haja ya funguo 14. Tatu zinatosha: keateka, na milango miwili ambayo huwa na mtu kila usiku, mmoja karibu na geti na mmoja mwisho wa kijia. Bora zaidi ni komeo la ndani lisilohitaji ufunguo kabisa, na bamba la chuma nyuma yake ili mkono wa nje usilifikie. Fundi wa kuchomelea anaifanya kwa asubuhi moja. Grili moja kwa kila chumba iwekwe bawaba na kufuli ndogo ya ndani, ufunguo utundikwe kwa msumari mahali mtoto wa miaka saba anafikia na mkono wa dirishani haufiki. 

Na hapa ndipo kaunti isijifiche nyuma ya Mungu. Kaunti inajua kila ploti iko wapi wakati wa kudai ada ya ardhi na leseni. Ikituma mtu kuja kudai, mtu huyo huyo anaweza kusukuma geti na kuuliza maswali mawili: usiku linafunguliwa na nani, na ile stendi ya tangi ilikaguliwa lini? Hatuombi vifaa vya Tokyo. Yale majumba mapya ya bei nafuu yaliyojengwa hapahapa Bondeni yana wapangaji wengi kwenye ngazi chache. Kuna yeyote amewahi kuwashusha ngazini kwa mazoezi, hata mara moja? Wajapani hufanya mazoezi kila Septemba 1, siku ya lile tetemeko lao la 1923. Sisi tuna Januari 6 imekaa kwenye kalenda kati ya njaanuari na kufungua shule, na haina kazi.

Viongozi wetu hupenda kufika baada ya jambo kutokea, wakiwa na makoti ya kung'aa na magodoro. Ninawaomba wafike kabla, bila godoro. Waje na fundi wa kuchomelea.

Mwenye ploti alikubali wiki tatu baadaye, baada ya mama wa nambari 8 kwenda yeye mwenyewe na yule mtoto mgongoni na kukaa pale sebuleni bila kusema mengi. Masharti yake: tulipe wenyewe, na kitu kikiibwa asisikie jina lake. Tulichanga shilingi 50 kila mlango. Ufunguo mmoja uko nambari 8, mwingine nambari 13. Komeo la ndani bado "tutaona". Stendi ya tangi bado "tutaona".

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, tulijaribu bila kumwonya mtu. Nilipiga sufuria na mwiko, nikaita "Tetemeko!" na kuanza kuhesabu kwa simu. Watu walitoka wakitukana. Mtoto mkubwa wa nambari 8 alifika getini na ufunguo kwa sekunde 19, halafu kufuli likakataa kwa sababu ya kutu, akahangaika nalo mpaka dakika ikapita. Tumelitia mafuta ya cherehani.

Mzee wa nambari 3 alitoka safari hii. Alifika nusu ya kijia, chini ya tangi, akasimama kupumua. Sasa tunabishana ni nani kati ya nambari 2 na nambari 4 atakayembeba.